Maneno ya ough: nilivyoyapanga kwa sauti hadi yakakaa kichwani

Hatua ya kwanza iliyonisaidia ilikuwa kuacha kutafuta kanuni moja ya kusoma herufi ough katika Kiingereza. Haipo. Niliandika maneno 24, nikayagawa kwa sauti badala ya kuyapanga kwa alfabeti, na kila neno nikaliweka kwenye kadi yake: mbele neno lenyewe, nyuma maana na sentensi fupi. Ukiyapanga kwa alfabeti, bough na bought yatakaa jirani, na ulimi utayasoma kwa sauti moja.

Nilianza na yanayoishia kwa t, maana hapo ndipo penye utaratibu. Bought ni alinunua, brought alileta, thought alifikiri (au wazo), fought alipigana, sought alitafuta, ought kupaswa, nought sifuri, na wrought ni kilichofuliwa, kama chuma. Yote manane husomwa kwa o ndefu ya choo, kisha t. Linaloasi ni drought, ukame, ambalo husomwa draut. Ukishika hayo tisa umemaliza zaidi ya theluthi ya kazi.

Humo ndani, bought na brought ndiyo yanayochanganywa mno. Dawa yake ni r: bring ina r, kwa hiyo brought inayo, buy haina, bought haina. Niliandika kitenzi cha sasa kwenye kona ya kila kadi, nikawa nasoma yote mawili pamoja.

Yaliyobaki ni makundi madogo. Tough (gumu), rough (lenye kukwaruza) na enough (ya kutosha) huishia kwa sauti af. Cough (kikohozi) na trough (hori la kulishia mifugo) huishia kwa of. Bough (tawi kubwa) na plough (plau) huishia kwa sauti au, kama ile ya draut. Though na although (ingawa), pamoja na dough (unga uliokandwa), huwa na o inayoteleza kuelekea u. Through (kupitia) na throughout (kote, mwanzo hadi mwisho) huwa na uu. Hiccough, kwikwi, husomwa hikap. Tahajia hiyo ilitokana na watu kuihusisha kwikwi na kikohozi, na siku hizi hiccup ndiyo imeenea, nami ningekushauri uandike hiyo.

Kosa letu kubwa, sisi tunaozungumza Kiswahili, ni kufunga neno kwa irabu: tafu, kofu, inafu. Kwenye f weka meno ya juu juu ya mdomo wa chini, toa pumzi, kisha nyamaza. Kosa la pili ni kuisoma gh kama ya ghali. Katika maneno haya 24 hakuna hata moja linalotamkwa hivyo. Zamani Waingereza waliitamka gh kwa sauti ya kooni, karibu na kh ya kheri, na Kijerumani bado kinayo katika Nacht na Tochter, ambayo kwa Kiingereza ni night na daughter. Baadaye sauti hiyo ikapotea katika maneno mengi, katika machache ikageuka f, lakini maandishi hayakubadilika. Ndiyo maana hakuna kanuni ya kukariri.

Upande mwingine Kiswahili kinatubeba vizuri sana. Though huanza kwa dh ya dhahabu. Through, thought na thorough huanza kwa th ya thamani. Wanafunzi wa lugha nyingi huhangaika na sauti hizi mbili, sisi tunazo tayari. Anayesema zo au do badala ya dhou anaacha mali yake mwenyewe nyumbani.

Kwa tahajia nilitumia ngazi. Andika tough. Ongeza h baada ya t ya kwanza, unapata though. Ongeza r baada ya h, unapata through. Ongeza o kabla ya r, unapata thorough, yaani ya kina, isiyoacha kitu. Rudi kwenye though, weka t mwishoni, umepata thought. Niliipanda ngazi hii kwa mkono, kwa kalamu na karatasi, huku nikitamka kila neno na maana yake. Kuandika kwa simu hakufai hapa kwa sababu simu inakusahihishia kimyakimya. Angalia sana throught: hilo si neno. Linazaliwa pale mkono uliozoea thought unapoandika through.

Kujipima nilitunga sentensi moja yenye sauti sita tofauti: Though his cough was rough, he thought it through and ploughed on. Maana yake: ingawa kikohozi chake kilikuwa kikali, alilitafakari jambo hadi mwisho, akaendelea kukaza. Isome polepole mara tatu, kisha kwa kasi ya kawaida. Ukikwama, rudi kwenye kadi ya neno lililokukwamisha tu.

Thorough na borough (sehemu ya mji yenye utawala wake, London ina 32) niliyaacha mwisho. Uingereza humalizia kwa a hafifu, Marekani kwa o inayoteleza. Chagua upande mmoja na ubaki nao, pia katika kuandika, kwa sababu Marekani plough huandikwa plow.