Nilihesabu saba na ukumbi mzima

Mi nimezaliwa kambini Jinja, mzee wangu alikuwa anapiga ngoma kubwa kwenye bendi ya jeshi, kwa hiyo muziki kwetu ni kitu cha kutembelea, kushoto kulia kushoto kulia basi. Sasa mwaka 2009 fundi simu mmoja karibu na soko akanijazia memori kadi, ndani kumbe kuna Dream Theater, bendi ya metali ya Marekani, nikawa naenda shule na hedifoni masikioni na mguu unakataa kabisa kufuata. Nilikaa na ile kitu siku nyingi ndo nikagundua kuna mahali wanahesabu saba, yaani kila mstari wa muziki una mapigo saba. Na ukihesabu saba, mstari wa kwanza unauanza na kushoto, wa pili unajikuta uko kulia, wa tatu umerudi kushoto, gwaride lote linavurugika. Nilimsikilizisha mzee, akaniuliza, "Mama, sasa hii watu wanaiandamia vipi?" Sikuwa na jibu.

Tangu hapo nimehesabu peke yangu. Wapenzi wa metali Uganda tupo, hata bendi ya Vale of Amonition ilitokea Kampala, ila wa hii progressive, metali ya hesabu ngumu na nyimbo ndefu, nawajua wawili tu na mmoja alihamia Mbarara.

Basi, Oktoba 2024 nilikuwa kwa dada yangu London, yeye ni nesi huko. Habari za viza na nauli niziache tu. Tarehe 20, Jumapili, Dream Theater wanaanza ziara yao ya miaka 40 ukumbi wa O2, na ni shoo ya kwanza ya Mike Portnoy kurudi nao kwenye ngoma! Huyu ni mmoja wa watatu walioanzisha bendi 1985 wakiwa wanafunzi wa Berklee kule Boston, akatoka 2010, yaani mi nimewajua mwaka mmoja tu halafu akaondoka, akarudi 2023. Dada akanikatia tiketi, akasema ndo zawadi yako ya krismasi hiyo usiniulize nyingine.

Nilikaa juu kabisa, watu jukwaani wadogo kama vidole. Taa zikazima. Wakaanza na wimbo wa Metropolis ya kwanza, ile ya 1992, na banange, kitu cha kwanza kunipiga haikuwa gitaa wala ngoma, ilikuwa besi ya John Myung. Miaka 15 mi nimesikiliza hizi nyimbo kwa hedifoni za barabarani na spika ya simu, besi nilikuwa najua ipo kwa kusoma tu, sasa inanipitia kwenye kiti inapanda mgongoni mpaka kwenye meno, nikaona kumbe huyu jamaa mpole asiyeongea ndo amebeba nyumba nzima na mi sikuwahi kumsikia hata siku moja. Nilikuwa natetemeka.

Halafu inafika pale katikati, mwimbaji wao James LaBrie anatoka, vinabaki vyombo peke yake, na hesabu inageuka geuka kila saa. Nikaangalia chini. Vichwa vyote vinashuka pamoja, mahali pale pale, maelfu ya watu, na hakuna aliyekosea! Jirani yangu alikuwa mzee wa kizungu na kijana wake, anagonga goti kwa kidole, nami nagonga langu, vidole vinaangukia pamoja. Tuliangaliana tu akacheka. Nilikuwa sijawahi kuhesabu na mtu.

LaBrie nitasema ukweli, noti za juu zilikuwa zinamsumbua, alikuwa na miaka 61 na nyimbo zile alizirekodi kijana. Ila palipomshinda tulimwimbia sisi, na hiyo naipenda kuliko angeimba yote mwenyewe. Wimbo wao mpya Night Terror ulikuwa na siku kumi tu tangu utoke, watu tayari wanaujua! Karibu masaa matatu mazima walipiga, mapumziko moja, hakuna bendi ya kutangulia. Wimbo wa Octavarium ni dakika 24, unaanza taratibu Jordan Rudess wa kinanda peke yake, pale nililia na sikujificha.

Nimerudi Jinja Novemba. Nina video mbili tu kwenye simu maana nyingine sikutaka kutazama kupitia kioo. Mzee sasa amestaafu, masikio si yale ya zamani, nikamwekea video moja na hedifoni nzuri nilizonunua huko. Alikaa kimya na uji wake, mkono mezani, kidole kikaanza kugonga, kikapotea, kikaanza upya. Akavua hedifoni upande mmoja.

"Mama, ni saba hiyo."

"Ndiyo mzee, ni saba."

"Rudisha nyuma kidogo."