Nilivyozitenganisha rimiksi, singo na sauti za video kwenye mkusanyiko wangu wa hip hop

Anayeijua California Love kwa ile video ya jangwani, kisha akanunua All Eyez on Me ya mwaka 1996, atashangaa. Jina ni lile lile, 2Pac na Dr. Dre wamo, Roger Troutman anaimba kiitikio kupitia ule mrija wake wa mdomoni (talk box) unaoifanya sauti iwe kama ya chombo, ila biti si ile. Yenye piano nzito, iliyochotwa kwenye Woman to Woman ya Joe Cocker, ilitoka kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake, mwishoni mwa 1995, na kwenye albamu ikawekwa rimiksi. Wenye albamu peke yake walisubiri mpaka Greatest Hits ya 1998 ndipo wakaipata. Video nazo ni mbili: ya jangwani ina biti ya singo, ya pati ina biti ya albamu.

Kwenye kompyuta yangu zote mbili ziliandikwa "2Pac - California Love", na programu ya kusaka mafaili yaliyojirudia ilitaka ruhusa ya kufuta moja. Sikuipa. Niliifunga, nikaamua kupanga mkusanyiko wote kwa masikio, maana mafaili yangu yalitoka kila mahali: kanda zilizorekodiwa redioni, CD za kuchoma, flashi za washkaji, na kila aliyenipa aliandika majina alivyopenda.

Kitu cha kwanza kilichonisaidia ni urefu wa wimbo. Faili mbili zenye jina moja zikipishana kwa sekunde arobaini, kuna jambo: vesi imekatwa kwa ajili ya redio, au ni rekodi nyingine kabisa. Kinachofuata ni kusikiliza, ila usiishie kwenye sekunde za mwanzo. Dead Presidents ya Jay-Z itakukamata hapo. Singo ilitoka mapema 1996 na ndiyo yenye video. Kwenye Reasonable Doubt, albamu ya mwaka huo huo, kuna Dead Presidents II. Biti ni ile ile ya prodyuza Ski, kiitikio ni kile kile, lakini mistari ni mingine. Ukisikiliza mwanzo tu ukaruka, utaapa ni wimbo mmoja. Sauti inayojirudia kwenye kiitikio ni ya Nas kutoka The World Is Yours, wimbo ambao nao una sura mbili: ya prodyuza Pete Rock iliyo kwenye albamu yake Illmatic, na rimiksi ya Q-Tip iliyokuwa kwenye singo. Kwa hiyo nilijiwekea kanuni: nasikiliza vesi ya pili. Huko ndiko rimiksi nyingi hujifichua.

Kwa zile zinazofanana mno, nilitumia Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Unaziweka faili mbili moja juu ya nyingine, unazisogeza mpaka pigo la kwanza la dramu liangukie mahali pamoja, unapindua wimbi la moja juu chini, halafu unazipiga kwa pamoja. Kama rekodi ni ile ile, zinafutana. Unabaki na ukimya, au mchakacho mdogo ulioletwa na MP3. Kama moja ni ya redio, pale walipofuta matusi yanatokea yenyewe: kimya, kimya, tusi, kimya. Nilicheka sana siku ya kwanza. Unapata orodha ya matusi ya wimbo mzima bila kusikia biti.

Njia hiyo ina mipaka yake. Faili moja ikiwa na sauti kubwa kuliko nyingine lazima uzisawazishe kwanza, na kitu kilichotoka kwenye kanda au santuri hakifutani vizuri, kwa sababu mwendo wa mashine huyumba kidogo. Huko nilirudi kwenye masikio, nikatazama na picha za lebo za santuri kwenye Discogs, tovuti inayoorodhesha matoleo ya muziki. Santuri za inchi 12 za miaka ya 90 zilikuwa zinataja kila kitu waziwazi: ya albamu, ya redio, biti tupu, sauti tupu, rimiksi na jina la aliyeifanya.

Kuna mabadiliko ambayo msanii hakuyapanga. Mwaka 2006 baraza la mahakama huko Nashville liliamua kwamba wimbo uliobeba jina la albamu ya Ready to Die ya Notorious B.I.G. ulitumia kipande cha wimbo wa bendi ya Ohio Players bila ruhusa, mauzo yakasimamishwa, na nakala za baadaye zikatoka bila kipande hicho. Kundi la De La Soul nalo, albamu zao za mwanzo zilipoingia kwenye huduma za mtandaoni Machi 2023, baadhi ya sampo, yaani vipande vilivyochotwa kwenye nyimbo za wengine, zilikuwa zimebadilishwa. Ndiyo maana CD kuukuu siigawi, hata kama wimbo uko mtandaoni.

Kwenye kutaja majina nimekuwa mkali. Jina la wimbo, halafu kwenye mabano: albamu, singo, redio, rimiksi ya fulani, au video. Mwaka ni wa toleo hilo lenyewe, si wa wimbo ulipotoka mara ya kwanza. Nappy Heads ya Fugees, kwa mfano, ninayo ya albamu na ninayo rimiksi ya Salaam Remi ya 1994, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyowaonyesha njia ya kwenda kwenye albamu yao iliyofuata, The Score. Ukizichanganya hizo mbili umepoteza hadithi yote ya kundi.

Sauti za video nimezipa folda yake. Nyingi zina maongezi mwanzoni, milio ya magari, au zinakatika mahali pasipokatika kwenye CD, na hazikuuzwa popote kama wimbo. Wakusanyaji wengine huzidharau. Mimi nilizijua nyimbo hizi kwenye televisheni kabla ya kushika CD yoyote, kwa hiyo kwangu wao ndio waliopungukiwa.

Rafiki yangu anayepiga muziki kwenye maharusi ndiye mnufaika mkubwa. Akiomba One More Chance ya Notorious B.I.G. namuuliza: ya simu au ya Faith? Ya albamu, 1994, inaanza na wanawake wakiacha ujumbe kwenye simu. Ya 1995 iko juu ya biti iliyochotwa kwa kundi la DeBarge, mistari mingi ni mipya, Faith Evans anaimba, na ndiyo iliyofika nafasi ya pili Marekani. Yeye siku zote anataka ya Faith, na ukumbini yuko sahihi. Ya simu naisikiliza mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, maana ule ujumbe haufai mbele ya mama mkwe.