Orodha ya Umri

Usiku wa Jumamosi, tarehe 21 Januari 2023, nilikuwa nimekaa kwenye meza ya jikoni katika nyumba tuliyopanga mjini Renton, kusini mwa Seattle, nikibishana kwa maandishi na kijana ambaye kwa zaidi ya mwaka mmoja meza yake ya kazi ilikuwa ya tatu kutoka yangu. Sote wawili tulikuwa tumepunguzwa kazi Jumatano ya wiki ileile. Tulikuwa watu 41 tulioondolewa kwa siku moja, na mmoja wetu alikuwa ametuunganisha katika kundi la WhatsApp ili tupashane habari za nafasi za kazi na za bima ya afya, ambayo kwa wengi wetu ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi.

Wiki ile ilikuwa nzito kwa mji mzima. Siku ileile tuliyoitwa sisi, Microsoft, ambayo makao yake makuu yako Redmond, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, ilitangaza kwamba ingepunguza watu 10,000. Amazon ilikwisha kusema mapema mwezi huo kwamba ingeondoa zaidi ya 18,000, na Ijumaa Google nayo ikataja 12,000. Kampuni yetu ilikuwa ndogo mno kuandikwa magazetini. Tuliitwa kwenye kikao cha video cha dakika 12, tukasomewa karatasi, na kabla ya adhuhuri kompyuta zetu zilikuwa zimefungwa. Kwangu mimi kulikuwa na jambo moja zaidi. Nilikuwa nikifanya kazi kwa viza ya H-1B, na mwenye viza hiyo akipoteza kazi hupewa muda usiozidi siku 60 kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake au kuondoka nchini. Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani nikaishia tarehe 19 Machi. Viza ya mume wangu ilikuwa imeegemea yangu, na mtoto wetu alikuwa na miaka miwili.

Ubishi ulianza kwa sentensi moja. Yule kijana, Mmarekani mweupe wa miaka 29, aliandika kwamba kama kampuni ingeanza kuwaondoa wenye viza, nusu ya raia waliomo kundini wangekuwa bado wana kazi. Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Hyderabad, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alimjibu kwa hoja za fedha. Alisema chanzo si viza bali riba: mnamo Machi 2022 riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri, na kufikia Desemba ilikuwa imepita asilimia 4, kwa hiyo kampuni zilizoajiri kwa pupa wakati fedha zilipokuwa rahisi sasa zilikuwa zinarudi nyuma. Alitoa mfano wa Meta, kampuni mama ya Facebook, iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 45,000 mwishoni mwa 2019 na zaidi ya 87,000 ilipofika Septemba 2022, kisha Novemba ikaondoa 11,000. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Hata hivyo riba haichagui majina. Riba inaweza kueleza kwa nini watu 41 waliondolewa, lakini haielezi kwa nini ni hawa 41, na hilo ndilo nililoandika, kisha nikaongeza kwamba katika idara yetu tulikuwa Weusi wanne na watatu tumeondolewa.

Hapo mazungumzo yakabadilika. Mmoja akaleta siasa za Trump, aliyesimamisha viza za H-1B kwa amri ya Juni 2020. Mwingine akamlaumu Biden kwa kuiacha amri hiyo imalizike bila kuihuisha mwaka uliofuata. Mwingine akamleta Elon Musk, aliyeondoa karibu nusu ya wafanyakazi wa Twitter Novemba iliyotangulia, akimsifu kwa kuonyesha kwamba kampuni ilikuwa na watu wasiohitajika. Kisha yule kijana akaandika maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo. Alisema, bila tusi na bila alama ya mshangao, kwamba wengi wetu tuliajiriwa baada ya kifo cha George Floyd, Mmarekani Mweusi aliyeuawa na polisi, wakati kila kampuni ilipotaka kuonekana inajali, na kwamba sasa fedha zimepungua kampuni zinabaki na watu zinaowahitaji kweli.

Niliajiriwa Septemba 2020. Floyd aliuawa Minneapolis tarehe 25 Mei mwaka huohuo. Kwa tarehe, kijana alikuwa sahihi. Nilikuwa nimepita mahojiano matano, nilikuwa na shahada ya uzamili niliyoipata kwa kukaa maabara mpaka alfajiri, na mfumo wa malipo ambao kampuni iliutegemea kila siku ulikuwa na sehemu nzima niliyoiandika mimi. Lakini mtu akikuambia kwamba mlango ulifunguliwa kwa sababu ya maiti ya mwenzako, huwezi kumjibu kwa kutaja shahada. Nilimwandikia kwamba huo ni ubaguzi wa rangi, nami nikautaja waziwazi, na kwamba kampuni iliyotupunguza ilikuwa imebagua vilevile. Akanijibu kwa swali fupi: ushahidi uko wapi?

Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na sura tatu zilizokuwa hazimo tena, moja yao yangu. Nilikaa muda mrefu nikiandika na kufuta, na kundi zima likawa kimya, kwa maana watu walikuwa wanasoma na kungoja.

Aliyeuvunja ukimya alikuwa mzee wa miaka 58, Mmarekani mweupe, msimamizi wa hifadhidata zetu, ambaye alikuwa hajaandika neno tangu kundi lianzishwe. Alituma picha za kurasa mbili. Ilikuwa orodha isiyo na majina: kila mstari ulikuwa na cheo cha kazi, umri wa mwenye cheo, na alama kuonyesha kama ameondolewa au amebaki. Chini yake akaeleza kwamba alipewa karatasi hiyo kwa sababu amepita miaka 40. Mimi nilikuwa na miaka 36, sikupewa, na sikujua kama ipo.

Baadaye niliisoma sheria yenyewe, na napenda ieleweke vizuri kwa sababu ndugu zetu wengi wanaofanya kazi Marekani hawaijui. Mwaka 1990 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi wenye umri mkubwa. Mwajiri anapopunguza watu kwa kundi na kuwataka watie sahihi kwamba hawatamshtaki kwa ubaguzi wa umri, ili wapewe kiinua mgongo, lazima awape wale waliofikisha miaka 40 muda usiopungua siku 45 wa kutafakari, na pia awakabidhi maelezo ya vyeo na umri wa waliochaguliwa kuondoka pamoja na wa wenzao waliobaki katika idara hiyo. Wabunge walielewa kwamba mtu mmoja hawezi kujua kama ameonewa kwa umri wake mpaka awaone wenzake wamepangwa mstari kwa mstari. Kuhusu rangi, hakuna orodha ya namna hiyo. Kampuni yenye watu 100 na zaidi hupeleka serikalini kila mwaka hesabu ya wafanyakazi wake kwa rangi na jinsia, lakini hesabu hiyo haionyeshi nani aliondolewa siku fulani, wala anayeondolewa haonyeshwi.

Nilichapisha zile kurasa mbili, nikachukua penseli. Idara yetu ilikuwa na watu 58, na waliotiwa alama ya kuondoka walikuwa 17. Kwa kuwa niliwajua wote, niliweza kumtambua kila mmoja kwa cheo na umri wake. Mhandisi wa programu, 36, ameondolewa: ni mimi. Mhandisi wa programu, 29, ameondolewa: ni kijana tuliyekuwa tukibishana. Pembeni ya kila mstari nikaandika herufi moja ya rangi, na nyingine kwa mwenye viza. Sijapata kufanya kazi iliyonitia uchungu kama ile. Watu niliokula nao keki za siku za kuzaliwa niliwageuza kuwa herufi, na kwa wawili niligundua kwamba sikujua niandike nini, kwa sababu katika miaka yote ile sikuwahi kuwauliza kwao ni wapi.

Kisha nikahesabu. Wenye viza tulikuwa 12, na tulioondoka ni wanne, yaani theluthi moja, kiasi kinachokaribiana na cha idara nzima. Kwa hiyo si kweli kwamba tulipendelewa. Waliopita miaka 50 walikuwa sita, wakaondolewa watano. Weusi wanne, wakaondolewa watatu. Nilifanya hesabu tuliyofundishwa chuoni, ile ya kuuliza: kama majina 17 yangeokotwa kwa bahati tupu kutoka kwenye kofia yenye majina 58, haya yangetokea mara ngapi? Kwa wazee jibu lilikuwa chini ya mara 1 katika 100. Kwa sisi lilikuwa takriban mara 7 katika 100. Wanatakwimu, na mahakama zinazowasikiliza, kwa desturi huanza kushtuka jambo linaposhuka chini ya mara 5.

Niliirudia hesabu hiyo mara tatu. Kila mara ilinijibu vilevile, na kila mara nilizidi kuelewa jambo ambalo hakuna aliyelisema kundini usiku ule. Kama tungekuwa Weusi wanane na wakaondolewa sita, uwiano ungekuwa uleule wa watatu kwa wanne, lakini hesabu ingepiga kelele. Tulikuwa wanne tu kwa sababu kampuni haikuwahi kuajiri zaidi ya wanne, na kwa kuwa tulikuwa wanne, lolote ambalo lingetupata lingeweza kuitwa bahati mbaya. Uchache wetu, ambao ndio ulikuwa lalamiko letu la kwanza, ndio uliokuwa ngao yao. Siwezi kusema kwamba niliondolewa kwa sababu ya rangi yangu. Ninachosema ni kwamba hali ilikuwa imejengwa namna ambayo nisingeweza kujua kamwe, na kutojua huko kwangu ni dhuluma kamili.

Saa nane usiku simu iliita. Tanga ilikuwa saa saba mchana, na mjomba alikuwa ameambiwa na mama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia wamekupunguza. Kiinua mgongo wametoa?"

Nilimwambia ni mshahara wa wiki nane, kwa sharti nitie sahihi. Akaniuliza wamenipa siku ngapi, nikasema saba. Akanyamaza. Mjomba alizaliwa kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, kwa sababu babu alitoka Songea akiwa manamba, mmoja wa maelfu walioandikishwa mikataba na kuletwa kukata mkonge kwa ajili ya viwanda vya Ulaya. Na mjomba mwenyewe alifanya kazi mkonge mpaka nailoni ilipoua soko lake na yeye akapunguzwa. Nilimsimulia ubishi wa usiku ule, na yule kijana na maneno yake juu ya wenye viza.

"Hayo tuliyasikia," alisema. "Watu wa pale walisema manamba ndio wanaoshusha mshahara. Na manamba wa Songea wakasema ni wale wa Kigoma. Kambini walilala kwa makabila, na kila jioni palikuwa na ugomvi. Anayegawa vipande, zile kadi za kuhesabia siku za kazi, alikuwa analala nyumba ya juu kilimani, hakuna aliyemtaja. Hiyo viza yako ni kipande tu, mwanangu. Siku zikijaa, unakirudisha."

Kisha akanisihi nisitie sahihi kwa hasira, wala nisikatae kwa hasira. Akaomba azungumze na mtoto, nikamwambia amelala, akasema basi tumbusu.

Asubuhi niliandika kundini hesabu zote tatu, ya wenye viza, ya wazee na ya Weusi, pamoja na namna nilivyozipata, ili mwenye shaka azirudie mwenyewe. Kijana alisoma. Baada ya saa nzima aliandika kwamba kabla ya usiku ule hakuwahi kutambua kuwa tulikuwa wanne tu, na kwamba mkewe ana mimba ya miezi saba na bima yao inakwisha tarehe 31. Hakuomba radhi kwa maneno yake kuhusu Floyd, nami sikuyarudisha nyuma maneno yangu juu ya maneno hayo, kwa kuwa nilikuwa nayaamini na bado nayaamini. Nilimtumia anwani ya mtu niliyesikia anatafuta mhandisi wa aina yake.

Nilitia sahihi Jumatano. Karatasi ilizitaja kwa majina sheria ambazo naahidi kutozitumia dhidi ya mwajiri, na ya kwanza katika mfululizo huo ilikuwa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya mume wangu, tukatazamana, kisha nikaandika jina langu, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa na Machi 19 ilikuwa inakuja.

Yule mzee hakutia sahihi. Alikuwa na siku zake 45, na alizitumia kumtafuta wakili. Wiki mbili baadaye alinipigia kuuliza kama ningekubali kumpa hesabu yangu, kwa kuwa ilikuwa safi kuliko aliyoifanya yeye. Nilikubali mara moja. Aliniambia wakili anahitaji safu za vyeo, umri na waliobaki, na kwamba ile safu niliyoiandika kwa penseli haihusiki na shauri lao, afadhali isiwemo. Kwa hiyo jioni ile, mtoto akiwa amelala, nilichukua karatasi mpya, nikainakili orodha yote, mstari kwa mstari, watu 58, bila zile herufi za pembeni.