Mguu wa plasta, mikono inataka kazi

Daktari aliponionyesha picha ya mfupa wa muundi wa kijana wangu, sikuogopa sana kuhusu kuunga. Mifupa ya mtoto huunga upesi kuliko yetu sisi. Niliogopa zile wiki za kukaa. Huyu wangu anashinda peku juu ya mawe ya volkano hapa mtaa wa Majengo, Goma, mashariki mwa Kongo. Kumwambia atulie ni kumwambia mbuzi alinde mihogo. Aliteleza kwenye mteremko na chukudu yake ya kuchezea, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma kwa mguu. Yaliyofuata mnayajua: kilio, gari la jirani, plasta toka vidole hadi pajani.

Waliokuja kutupa pole walikuja na mashauri. Mmoja alitaka tubandue plasta tumwite muunga mifupa wa kienyeji. Nikamshukuru, nikamwongeza chai. Wengi walisema: mpe simu, atazame katuni. Nikampa. Akatulia mpaka chaji ikaisha na umeme haupo, halafu akawa mkali kuliko mwanzo, akaanza kutafuta kijiti cha kujikunia ndani ya plasta. Hapo tuligombana kwelikweli, maana kijiti kikichuna ngozi humo ndani, kidonda hukioni mpaka kinuke. Mwisho tukapatana: muwasho ukija, agonge plasta kwa nje. Sasa anapiga ngoma na dada yake anaimba. Majirani watusamehe.

Kuchekeshwa kulimchosha huyu mtoto. Kilichomtuliza ni kazi. Anachambua maharagwe na kutoa mawe vizuri kunishinda, ila anadai mshahara. Trei ya mayai tumeikata safu moja, zikabaki nne, tukapata ubao wa kuchezea bao. Kete ni hayo hayo maharagwe. Asubuhi anakagua vidole vyake mwenyewe: vina joto? vinacheza? havijavimba wala kubadilika rangi? Ripoti ananipa kwa sauti ya muuguzi aliyechoka.

Usiku ndio mgumu. Mguu uko juu ya mito miwili, usingizi hauji, na mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ukiwaka, anga linakuwa jekundu mpaka dirishani. Basi namsimulia Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani na sisi tukikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda. Juzi akanikata: “Mama, na mtu wa plasta angekimbiaje?”

Nilikosa la kusema kwa kitambo. “Mlima ulipolipuka tena Mei 2021, ulikuwa mgongoni mwangu mpaka mji wa Sake, papa.”

“Nilikuwa mdogo. Sasa niko mzito.”

“Basi ningekupandisha kwenye chukudu.”

Hilo likamwingia. Kesho yake akaomba mbao za kuundia chukudu ndogo. Mjomba wake, fundi, alituletea vipande vya mkaratusi, akamwachia kisu kidogo na onyo refu. Magurudumu tumeyakata kwenye kandambili zangu za zamani, tukayatoboa kwa msumari uliopashwa moto. Aliifanya kazi hiyo ulimi nje, mguu umenyooshwa kitandani, vumbi la mbao kwenye shuka zote. Usukani ulivunjika, akatengeneza mwingine. Hakusahau hata kile kipande cha mpira ambacho dereva huwekea goti. Sasa anataka rangi ya dhahabu, iwe kama ile sanamu ya chukudu kwenye mzunguko wa barabara hapa mjini. Nimemwambia rangi ya dhahabu ni ghali, achukue bluu iliyobaki ya mlango.

Watoto wa mtaa waliokuwa wanapita dirishani bila kusimama sasa wanaingia ndani, wanakaa sakafuni, wanabishana kuhusu magurudumu. Mimi napika huku nasikiliza, na kandambili zote za nyumba hii nimezificha juu ya kabati.

Karibu tutarudi hospitali kwa picha nyingine, na mfupa ukiwa umeshika, plasta itakatwa. Nilidhani angeruka kwa furaha. Ameniuliza kama daktari anaweza kungoja kidogo, kwa sababu ana komande mbili, yaani oda za chukudu, hajamaliza.