Kijiti na Mkono

Mwaka 2006 nilikuwa nikishinda kwenye studio moja ya picha karibu na Mwembe Tayari, Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kuskani picha kuukuu za watu na kuzisafisha. Kamera za filamu zilikuwa bado zipo lakini zikipotea haraka, na mwenye studio, ambaye sote tulimwita Ami, alikuwa ameshafunga chumba chake cha giza, cha kusafishia filamu na picha, na kununua kompyuta yenye Photoshop 7. Programu ile nilijifunza kwa kubonyeza hiki na kile, na jioni kwa kusoma maelezo saiba, duka la intaneti, shilingi moja kwa dakika. Nilikuwa najua kuondoa mikwaruzo na madoa ya ukungu. Kuunganisha picha mbili zikawa moja, mtu asione zilipokutania, hilo nilikuwa nalitamani tu.

Ami kompyuta hakuishughulikia sana. Yeye alikuwa mtu wa picha. Miaka ya 1990 alikuwa na kibanda feri ya Likoni, pamoja na wapiga picha wengine waliotundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege, msafiri asimame mbele yake apigwe picha kabla ya kuvuka. Kabla ya hapo alishinda miaka ndani ya chumba cha giza, akisafisha picha za harusi za nusu ya mji.

Asubuhi moja akaingia bi mkubwa kutoka Kuze, ana buibui lake na bahasha ya kaki mkononi. "Sabalkheri wanangu." Tukamuamkia, tukamvutia kiti. Akatoa picha mbili. Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, msichana wa miaka ya 1960, ameketi mkono shavuni, macho ameyapeleka pembeni kidogo. Ni mtindo wa picha ambazo wasichana wengi wa mjini walipigwa zama zile, wakati studio ya N. V. Parekh ilipokuwa na sifa Mombasa nzima. Ya pili ilikuwa ndogo, pembe moja imekatika: mwanamume kijana, shati jeupe lenye mfuko, kofia ya kiua, na kovu jembamba juu ya nyusi.

"Huyu ndiye bwana'ngu," akasema. "Alikuwa baharia. Akirudi, mara mimi nina mtoto mchanga, mara pesa hakuna, mara safari imefika tena. Amekufa na hatuna picha ya pamoja, hata moja. Nataka mtuweke pamoja. Mimi niacheni vivi hivi nilivyo hapo."

Ami akanitazama mimi. "Kijana atafanya," akasema.

Nilizifungua zile picha kwenye skrini, nikaona tatizo kabla sijagusa kitu. Mwanga wa bi mkubwa ulitoka kushoto, shavu la kulia liko kivulini. Wa mumewe ulitoka kulia. Ukiwakalisha bega kwa bega hivyo, jicho la mtazamaji linakataa hata kama mwenyewe hajui kwa nini. Njia ya mkato inajulikana: unamgeuza mmoja kama kwenye kioo, na mwanga unahamia upande mwingine. Lakini ukimgeuza, mfuko wa shati unahamia kulia, vifungo vinageuka, na lile kovu linaruka kwenda juu ya jicho jingine. Mwanamke aliyelala na uso huo miaka yote hiyo hawezi kuletewa uso uliopinduliwa akaambiwa ndio huo. Kwa hiyo mwanga wenyewe ndio uliopaswa kuhamishwa, na uso ubaki palepale.

Nikamwita Ami aje aone. Akavuta kiti, akavaa miwani, akawa anapitisha macho kwenye safu ya vifaa iliyo pembeni mwa skrini. Ghafla akaweka kidole juu ya kioo.

"Hiki ni kijiti changu."

Alikuwa akionyesha alama ndogo ya fimbo yenye kiduara mwishoni. Mimi niliijua kama kifaa cha kupaushia. Yeye akanyanyuka, akaenda stoo, akarudi na waya uliobandikwa kipande cha kadibodi cha mviringo kama sarafu. Ndicho alichokuwa akikipitisha chini ya mashine ya kukuzia picha, akikizungusha bila kutulia, ili sehemu fulani ya karatasi isipate mwanga mwingi na itoke nyeupe zaidi. "Na huu," akasema, akionyesha alama ya pili, "ni mkono wangu." Akakunja vidole akaacha tundu katikati, sawasawa na mchoro ule. Mwanga ulipita kwenye lile tundu tu, na pale ulipoanguka pakazidi weusi. Mkono haukusimama mahali pamoja, maana ukisimama unaacha mpaka.

Nilikuwa nimevitumia vile vifaa kwa miezi bila kujua ni picha za viganja vya watu. Baadaye nilisoma kwamba ndugu wawili wa Marekani walioitengeneza programu ile, Thomas na John Knoll, baba yao alikuwa na chumba cha giza nyumbani. Toleo la kwanza lilitoka 1990. Kwangu mimi hilo lilieleza mengi kuliko mafunzo yote niliyoyasoma saiba.

Kesho yake Ami akaja na albamu. Ndani mlikuwa na picha aliyoitoa Lamu, kazi ya Omar Said Bakor, mpiga picha aliyejifundisha mwenyewe na kuwa na studio kisiwani kule hadi alipofariki 1993. Bakor aliwaweka watu ndani ya maua, akikata kwa mkasi, akibandika, kisha akipiga picha upya. Sikuwa nimewahi kusikia jina lake. Nilikuwa nikitafuta wasanii wa kuiga Ulaya na Marekani, kumbe bwana wa kazi hii alikuwa safari ya basi na mashua kutoka kwetu. Niliitazama ile picha kwa kioo cha kukuzia nikitafuta mkasi ulipopita.

Mimi nami nikamletea wangu: karatasi niliyochapisha saiba, kazi za Jerry Uelsmann wa Florida, mti unaelea na mizizi yake juu ya maji. Uelsmann hakutumia kompyuta. Alipanga mashine kadhaa za kukuzia, kila moja na negativu yake, akahamisha karatasi ileile kutoka mashine hadi mashine. Ami aliishika ile karatasi dhaifu akaisogeza dirishani.

"Huyu hakukata," akasema. "Amekinga. Kila mashine ameizuia pale nyingine inapoanzia."

Sentensi ile ndiyo iliyonifungulia kazi. Nilikuwa nimemkata baharia kwa mstari mkali kuzunguka mabega. Nikaacha hiyo njia, nikamtengenezea maski, yaani kinga inayoficha sehemu ya picha bila kuikata, kwa burashi laini sana, nguvu yake imepunguzwa, nikawa napitapita kama Ami na kadibodi yake. Kwa mwanga nikafanya hivi: juu ya picha nikaweka tabaka la kijivu cha katikati, nikalitia katika hali ya Overlay. Kijivu hicho hakionekani kabisa, lakini ukikipausha, picha iliyo chini inapata mwanga, na ukikitia weusi inapata kivuli, na picha yenyewe haijaguswa. Shavu lake la kushoto likaanza kung'aa kidogo kidogo, la kulia likaingia kivulini, na kovu likabaki lilipo. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa. Picha yake ilikuwa na chenga, vile vidoadoa vya filamu, na ya mkewe ni laini, ikabidi niongeze chenga kwa bibi. Weusi wa moja ulikuwa umechujuka kuliko wa nyingine, nikausawazisha.

Bado kulikuwa na kitu. Wameketi pamoja, lakini kila mmoja yuko peke yake. Ami alitazama akasema, "Watu wakikaribiana hutiana kivuli." Nikaongeza kivuli chembamba pale bega la mume linapogusa mkono wa mke, na mara moja wakawa chumba kimoja.

Siku hizi simu inaunganisha picha mbili kabla chai haijapoa, na wala silalamiki. Mimi mwenyewe hutumia. Lakini bado nayatazama mabega kwanza.

Bi mkubwa alipokuja aliishika picha kwa mikono miwili. Akatazama sana. Kisha akasema, "Si kweli."

Moyo ukanidunda.

"Uso ni wake. Lakini hakuwa mrefu hivi. Tukisimama alinifika hapa." Akajigusa sikioni. "Wote Kuze walijua. Msimpandishe, yeye mwenyewe hakuona haya."

Faili nilikuwa nimelihifadhi na tabaka zake zote. Alipokuwa akinywa maji nikamshusha baharia, nikapunguza upana wa mabega kidogo, nikapeleka kivuli kikamfuate. Nikamwita aje kwenye skrini. Akainama karibu kabisa, akaniambia nishushe tena, kidogo tu, nikashusha. "Hapo," akasema. Akaagiza tatu: moja ya ukutani, moja ya bintiye aliye Muscat, na ndogo ya kutia ndani ya msahafu wake. Akamuuliza Ami bei. Ami akamwambia aelewane na mimi.