Rejesho la kila wiki na kuku wa wiki sita

Chukua mkopo wa laki sita, riba asilimia 10 kwa mwezi, miezi mitatu. Riba ni 180,000, jumla 780,000, marejesho 12 ya kila wiki, 65,000 kila moja. Wengi huishia hapo kwenye hesabu. Lakini riba hiyo imepigwa juu ya laki sita nzima mpaka wiki ya mwisho, wakati mtaji unaodaiwa unashuka kwa 50,000 kila wiki. Kwa wastani unazungusha 325,000 tu. Gawanya riba ya mwezi, 60,000, kwa hiyo 325,000: umekopa kwa asilimia 18 hivi kwa mwezi, kabla hujahesabu ada ya fomu na akiba ya lazima wanayokata juu kwa juu. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo. Wakopeshaji wa riba kubwa wanaoitwa kausha damu hawakulipata jina hilo bure.

Hata hivyo, kinachoua biashara nyingi si riba, ni tarehe. Kuku wa nyama huuzwa wiki ya sita. Rejesho la kwanza linadaiwa siku ya saba. Kabla hujauza kuku hata mmoja umeshalipa mara tano, zaidi ya laki tatu, na hela hiyo imetoka kwenye chakula cha kuku, tena wakati ule ule wanapokula sana. Ukipunguza chakula, uzito haufiki, mnunuzi anashusha bei, na rejesho la sita linatafutwa kwa mkopo wa pili. Dhamana ya kikundi, pale mnapokopa watano na kila mmoja anamdhamini mwenzake, hapo haikuokoi. Inawavuta wenzako wanne ndani ya shimo.

Mama ntilie ana hali tofauti, kwa sababu fedha yake hurudi jioni ile ile. Ila naye apime. Kwa siku 14 aandike mauzo, atoe mchele, mafuta, mkaa, maji, nauli, ushuru na hela ya chakula cha nyumbani (hii ndiyo husahaulika). Kinachobaki kwa wiki akigawe mara mbili. Nusu ndiyo rejesho analoweza kubeba. Kwa 65,000 anahitaji kubakiwa na 130,000 kila wiki, na hiyo si biashara ndogo.

Kwa mifugo na kilimo, kikundi cha kuweka na kukopa kinafaa zaidi: mara nyingi unakopa hadi mara tatu ya akiba yako, mnakubaliana muda wenyewe, na riba hurudi kwenu siku ya gawio. Mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba kabisa. Kikundi kisajiliwe na muanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Msiagize vifaranga kabla fedha haijaingia kwenye akaunti.

Ukiwa mbele ya afisa mikopo, uliza mambo mawili tu kabla ya kusaini: naondoka na shilingi ngapi mkononi, na rejesho la kwanza ni lini.