Shule ya masista: mtaala ni wa taifa, Ukatoliki wake uko wapi?

Mzazi wa Mikindani au Nachingwea anayempeleka mtoto shule ya masista mara nyingi hufuata vitu vitatu: Kiingereza, nidhamu na matokeo. Ni haki yake. Ila anayetaka kujua shule hiyo ni ya Kikatoliki kiasi gani asiishie kwenye sanamu ya Bikira Maria getini wala kuhesabu misa za muhula. Aombe kuingia darasa la awali asubuhi, atazame mtoto mmoja anavyofundishwa herufi.

Mtaala wenyewe hauna siri. Shule ya msingi ya Kanisa hutumia mihtasari ileile ya Taasisi ya Elimu Tanzania inayotumiwa na shule ya serikali ya jirani. Mtaala ulioanza Januari 2024 umezipa kusoma, kuandika na kuhesabu nafasi kubwa darasa la kwanza na la pili. Kuanzia la tatu yanaingia masomo kama Sayansi, Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili. Hakuna hisabati ya Kikatoliki. Kanisa linachangia namna ya kumtazama mtoto. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kuhusu elimu, la Oktoba 1965, linawaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu, na linataka mwili, akili na dhamiri ya mtoto vikuzwe kwa pamoja. Ukiliamini hilo, huwezi kumfundisha mtoto kusoma kwa kumkaririsha ubaoni na wenzake sitini.

Ndiyo maana madarasa mengi ya awali ya masista hufuata njia ya Maria Montessori, daktari na mwalimu Mwitalia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907. Kifaa cha kwanza cha kufundishia herufi ni herufi za msasa, na fundi yeyote wa Masasi anaweza kuzitengeneza. Kata plaiwudi au kadibodi ngumu vipande vya sentimita 12 kwa 15. Paka vipande vya vokali rangi moja na vya konsonanti rangi nyingine. Chora herufi kwenye msasa laini, ikate, ibandike. Usitumie msasa mkali, utamkwaruza mtoto naye ataogopa kugusa. Pwani gundi ya karatasi huachia kwa unyevu. Tumia gundi ya mbao.

Mwalimu anakaa na mtoto mmoja au wawili, anachukua herufi mbili tu zisizofanana kwa umbo wala sauti, mfano m na s. Usiweke b na d siku moja. Anapitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, akifuata mwelekeo wa kuandika, huku akitamka sauti: “Hii ni mmm.” Mtoto anarudia. Kisha: “Nionyeshe mmm.” Mwisho anaionyesha na kuuliza: “Hii ni nini?” Mtoto akikosea hatua ya tatu, mwalimu hasemi “hapana”. Anarudi hatua ya kwanza, au anafunga somo hadi kesho. Hapo ndipo heshima kwa mtoto inapoonekana, kuliko katika hotuba yoyote ya siku ya mahafali.

Kinachoharibu kazi hii ni haraka ya Kiingereza. Shule nyingi za Kanisa ni za mchepuo wa Kiingereza, na wazazi wanataka kusikia “ei, bii, sii” wiki ya kwanza. Mtoto aliyefundishwa kwamba a ni “ei” hukwama mbele ya neno baba. Kiswahili kina vokali tano, na kila moja ina sauti moja popote inapokaa; Kiingereza hubadilisha sauti ya herufi ileile mara kwa mara. Kwa maoni yangu mtoto asome kwanza silabi za Kiswahili hadi maneno ya silabi tatu yampite mdomoni bila kusita, wakati Kiingereza anakisikia na kukiongea kwa nyimbo na maagizo ya darasani. Kwa anayetoka nyumba inayoongea Kimakonde au Kimwera, Kiswahili chenyewe tayari ni lugha ya pili. Akichanganya l na r, arekebishwe kwa kusikilizishwa, asichekwe.

Kwenye kuhesabu, walimu wengi hukimbilia korosho kwa kuwa zimejaa. Korosho ghafi ikipasuka, ganda lake hutoa mafuta yanayounguza ngozi na midomo. Mbegu za ukwaju au ubuyu ni salama: kumi kwenye kifuko, vifuko kumi kwenye kikapu, na mtoto anaishika mia moja kwa mikono yake.

Sasa dini. Mtwara na Lindi darasa moja lina Wakristo na Waislamu, na Katiba ibara ya 19 inalinda uhuru wa kila mmoja. Shule makini humwambia mzazi siku ya kuandikisha, kabla ya ada, sala zipi ni za shule nzima, nani ataingia kipindi gani, na kama kuna mwalimu wa dini ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani michezo ya kukimbia ihamie asubuhi. Kwa watoto Wakatoliki, alama ya somo la Dini isigeuzwe tiketi ya Komunyo ya Kwanza. Maandalizi ya sakramenti ni kazi ya wazazi na paroko, na Kanisa linaangalia umri wa akili, takriban miaka saba, na kama mtoto anaelewa anachopokea.

Wabenediktini, watawa Wakatoliki walioanzisha misheni ya Ndanda mkoani Mtwara mwaka 1906, walileta utaratibu wa sala na kazi, na bustani ya shule ni sehemu yake. Tuta la mita 5 kwa 1 linafundisha eneo na mzingo bila picha ya kitabuni. Mvua zikiisha, tumia tuta la kuzama badala ya la kuinuka, maji yasikimbie. Newala kila ndoo ina thamani. Mchicha huanza kuvunwa ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo mtoto anaona matokeo kabla hajachoka. Bustani hufa siku ile mwalimu anapoitumia kuadhibu wachelewaji. Tangu hapo jembe ni aibu.

Kuhusu fimbo, kanuni za serikali zinaweka ukomo wa viboko vinne, na ni vya mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha, tena viandikwe. Shule ya Kanisa inaweza kuamua visiwepo kabisa, na naona inapaswa kuamua hivyo. Mtakatifu Yohane Bosco, padre Mwitalia aliyelea vijana, alijenga malezi yake juu ya akili, dini na upendo: mwalimu awepo uwanjani wakati wa mapumziko, ugomvi uzimwe kabla ya ngumi.

Kwa kuwa mtaala mpya unaishia darasa la sita, mwaka 2027 walio darasa la sita wa mtaala mpya na walio la saba wa mtaala wa zamani watamaliza shule ya msingi pamoja. Presha ya masomo ya ziada itakuwa kubwa, na vipindi vya kwanza kukatwa huwa bustani, michezo na maktaba. Mzazi mwenye mtoto kwenye madarasa hayo aombe ratiba iliyoandikwa ya muhula wa pili, aone vipindi hivyo vimebaki vingapi, na kama vimekatwa amuulize mwalimu mkuu sababu.